"Huyu Tunamfahamu" Si Kitambulisho

Ukimwambia mtu kwamba unafanya kazi kwenye ofisi inayosimamia mali za watu, anaona skrini sita ukutani na vijana waliokunja mikono ya mashati wakipigiana kelele za nunua, uza. Ofisi yetu ina watu saba, na kelele kubwa kuliko zote humo ndani ni ya printa. Kuna wiki inapita nzima bila yeyote kununua hata hisa moja.

Asubuhi ni ya kulinganisha. Daftari letu linasema mteja ana vipande kadhaa vya mfuko fulani wa uwekezaji, benki inayotunza mali hizo nayo ina idadi yake, na idadi hizo mbili lazima zifanane hadi desimali ya mwisho. Zisipofanana, mara nyingi ni gawio lililoingia baada ya sisi kufunga hesabu, au hisa zimeuzwa lakini fedha bado ziko njiani. Mei 2024, Marekani ilipopunguza muda wa kukamilisha mauzo ya hisa kutoka siku 2 za kazi hadi 1, watu wa masoko walishangilia kasi. Dada wetu wa utawala alinung'unika kwamba wamemnyang'anya siku nzima ya kurekebisha makosa. Mimi niko upande wake.

Nasema dada wa utawala kwa sababu ndivyo mkataba wake unavyomwita. Kiukweli ofisi anaishika yeye. Sisi washauri tunavaa vizuri, tunakaa na wateja, tunachora grafu. Yeye ndiye anayejua pasipoti ya nani imeisha muda, nani hajasaini ukurasa wa nne, na mteja yupi akisema "nitakupigia" hapigi.

Ijumaa moja saa tisa alasiri iliingia barua pepe ya mzee mmoja, mteja wetu wa zaidi ya miaka kumi. Alitaka sehemu kubwa ya fedha zake ipelekwe kwenye akaunti ambayo hatujawahi kuiona, na ifike kabla benki hazijafungwa. Salamu zilikuwa zake, hata ule utani wake wa kutuita "watoto wa hesabu" ulikuwemo. Bosi alisoma akiwa amesimama, koti mkononi. "Huyu tunamfahamu. Tuma."

Dada hakutuma. Alifungua kabati, akatoa faili la karatasi, akatafuta namba ya simu ambayo mzee mwenyewe aliiandika kwa mkono siku ya kwanza, akapiga. Ile iliyokuwa chini ya barua pepe hakuitazama kabisa. Simu ya kwanza haikupokelewa. Ya pili haikupokelewa. Ya tatu mzee alipokea, na ndiyo, barua ilikuwa yake. Alikasirika ajabu. Sauti tuliisikia sisi sote, na simu haikuwa kwenye spika: miaka yote hii, bado mnanihoji kama mwizi wa fedha zangu mwenyewe? Fedha zilitoka Jumatatu. Bosi alimpigia mzee kumtuliza, kisha akamtaka dada aandike barua ya kuomba radhi. Aliiandika.

Ile barua bado inanikera. Laiti angekuwa amemnasa tapeli, tungempigia makofi na kumnunulia keki. Lakini thamani ya kupiga simu haitegemei nani atapokea. Wezi wa siku hizi wanaingia kwenye barua pepe ya mtu, wanasoma mazungumzo ya miezi, wanajifunza salamu na utani wake, halafu wanaandika Ijumaa jioni wakati kila mtu ameshashika koti. Yaani barua ya mwizi ingefanana na ile ile ya mzee.

Sisi ofisi ndogo ndio tulio hatarini zaidi, kwa sababu tunachouza ni kufahamiana. Kwenye benki kubwa wewe ni namba; kwetu tunajua majina ya wajukuu zako. Ni kitu kizuri, sikatai. Ila Bernard Madoff, tapeli wa uwekezaji wa Marekani aliyekamatwa Desemba 2008, naye alifahamika sana. Baadhi ya wateja wake walikuwa marafiki zake wa miaka mingi. Ofisi yake mwenyewe ndiyo iliyotunza mali na ndiyo iliyochapa taarifa za wateja, kwa hiyo hapakuwa na daftari la pili la kulinganisha nalo kila asubuhi. Miamala iliyoandikwa mle haikuwahi kufanyika.

Wateja hutuuliza wanalipia nini, na ni swali la haki. Ada ya asilimia 1 kwa mwaka inasikika kama senti za mabaki, lakini mali ikikua kwa asilimia 7 kila mwaka kwa miaka 30, ada hiyo inakula karibu robo ya kile ambacho kingekuwepo mwishoni. Robo! Washauri wengi hujibu kwa kuzungumzia utabiri wa soko. Mimi nimeacha. Kati ya Februari 19 na Machi 23, 2020, kile kipimo cha bei za hisa za kampuni kubwa za Marekani, faharasa ya S&P 500 ilianguka kwa takriban asilimia 34 na hakuna hata mmoja wetu aliyeliona linakuja. Tulichofanya ni kupokea simu kutwa, tukiwasihi watu wasiuze kila kitu siku hiyo hiyo. Kwa hiyo mtu akiniuliza, namwambia analipia uangalizi, pamoja na yule dada mwenye faili la karatasi. Bosi hapendi jibu hilo.

Mwezi uliopita bosi akiwa likizo alituma barua pepe: fundi wa kompyuta alipwe leo, akaunti mpya hii hapa. Dada alifungua kabati, akatafuta namba ya bosi, akapiga mara tatu. Hakupokea. Fundi alilipwa Jumatatu.