Mbona mmeiruka mashine ya 1866?
Makala yenu ya historia ya kampuni ya chokoleti ya Cadbury ni nzuri, ila mwandishi umetoka kwenye duka la John Cadbury pale Birmingham, Uingereza, 1824, ukarukia moja kwa moja Dairy Milk, chokoleti yao ya maziwa, ya 1905. Hapo katikati ndipo penye utamu wenyewe. Wanawe, Richard na George, walipokabidhiwa kiwanda mwaka 1861 kilikuwa taabani. Kakao ya enzi hizo ilijaa mafuta. Ukiitia maji ya moto, utando unaelea juu. Basi watengenezaji wakaichanganya na wanga wa viazi ili uyafyonze (uji mtupu, kwa maoni yangu). Mwaka 1866 ndugu hao wakaleta mashine ya kampuni ya Van Houten kutoka Uholanzi, ya kukamua mafuta hayo, wakauza kakao isiyo na wanga. Na mafuta yenyewe hayakumwagwa, yaliingia kwenye chokoleti ya kutafuna. Kiwanda kipya cha Bournville, nje ya Birmingham, kikafuata 1879.

Halafu São Tomé, kisiwa cha Afrika Magharibi kilichokuwa koloni la Wareno, mbona kimya? Kampuni iliendelea kununua kakao ya huko miaka kadhaa baada ya kusikia habari za utumwa, ikaacha 1909. Gazeti la Standard lilipowasema, Cadbury wakashtaki, wakashinda. Fidia waliyopewa? Farthing moja, robo ya peni!