Mistari 16 Haiingii Kwenye Safu ya Milimita 58

Jarida la muziki la wanafunzi limetoka tena hapa Arusha, na ukurasa wa mashairi umeharibiwa tena. Vesi ya mistari 16 imemwagwa kwenye safu mbili nyembamba, ikanyooshwa kulia na kushoto kama habari ya gazeti, kisha ikalazwa juu ya picha ya jukwaa. Vina vimetawanyika hovyo, kimoja mwanzoni mwa mstari, kingine katikati. Chalii aliyeandika vesi ile alipima kila silabi ianguke kwenye biti. Aliyeipanga ukurasani hakuisoma kwa sauti hata mara moja. Imeniuma.

Huu ni mji wa X Plastaz, mji wa Weusi, makundi ya hip hop. Mchanaji, yaani rapa, wa Chuga, kama tunavyouita mji huu, hupimwa kwa alichoandika kabla hata hajapewa maiki. Jarida la muziki linalotoka mji huu, halafu linachapa mashairi yasiyosomeka, limeshindwa kazi yake ya kwanza, hata jalada likimeremeta vipi.

Kosa liko kwenye vipimo. Ukurasa wa A5, nusu ya A4, una upana wa milimita 148. Acha 15 upande wa mkunjo na 12 upande wa nje, unabaki na 121. Gawa safu mbili, katikati uache 5, kila safu inapata 58. Kwa fonti ya kawaida ya pointi 9.5 (pointi ni kipimo cha ukubwa wa herufi), safu hiyo inabeba herufi 36 hivi, pamoja na nafasi. Sasa chukua mistari miwili ya kawaida kabisa:

Nimetokea Ngarenaro, kalamu ndiyo silaha yangu,
nikiandika mtaa mzima unaitika jina langu

Wa kwanza una herufi 46 na mkato wake wa mwisho haujahesabiwa. Wa pili una 41. Hakuna hata mmoja unaoingia. Safu inaukata wa kwanza baada ya "ndiyo", halafu, kwa kuwa vesi imemwagwa kama habari ya gazeti, inaunganisha "silaha yangu, nikiandika mtaa mzima" kuwa mstari mmoja. Kina cha "yangu" kimezikwa katikati, msomaji anavuta pumzi pasipo pa kuvuta, na mchanaji anaonekana hajui kuandika. Kiswahili ndivyo kilivyo: kitenzi kimoja kinabeba mtenda, wakati na mtendwa, kwa hiyo maneno yetu ni marefu na mistari yetu ni mirefu. Safu mbili za A5 ambazo jarida la Kiingereza linazimudu, sisi zinatubana.

Dawa ni ukurasa wa safu moja. Milimita 121 zote, fonti ya pointi 10.5, na pointi 14 kutoka mstari hadi mstari. Hapo unapata herufi 65 na ushee, na mstari wa mchanaji unakaa wote. Vesi ya mistari 16 itachukua kimo cha milimita 79, chini ya nusu ya ukurasa, kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba nafasi haitoshi. Kila baada ya mistari minne acha nusu mstari, pointi 7, jicho lipate mapigo yake. Kiitikio kisogeze ndani milimita 8, na kikirudi mara ya pili kiandike chote; "rudia kiitikio" ni maelezo ya mazoezini. Ukikutana na mstari uliopitiliza, mabaki yake yashushe chini na uyasogeze ndani milimita 6 ili msomaji ajue bado ni mstari uleule. Usipunguze fonti kwa ajili ya mstari mmoja. Na upande wa kulia uache ulivyo, usinyooshwe. Umbo la mashairi ni zile ncha zisizolingana.

Makala na mahojiano nayo yana ugonjwa huu, ila kwa sura nyingine. Ukinyoosha pande zote mbili kwenye safu nyembamba, programu inatanua nafasi kati ya maneno mpaka ukurasa unakuwa na mitaro myeupe. Ukiiruhusu ikate maneno, inakata kwa kanuni za Kiingereza, na ndipo unakuta "wanam-" mwisho wa mstari na "uziki" mwanzo wa mwingine. Silabi zetu nyingi huishia na irabu, kwa hiyo kata baada ya irabu: wana-muziki, tume-sikiliza. Usitenganishe ny, sh, ch, wala ng' na alama yake. Kama huna muda wa kupitia kila kistari, zima ukataji kabisa na uache kulia bila kunyoosha.

Mashairi mengi yanatumwa kwa WhatsApp, na huko ndiko yanakoanza kuumia. Nyota za kukoleza maandishi zinabaki kama nyota, emoji zinageuka viboksi, na mtu akiyapitisha mahali pengine kabla ya kuyaleta, mwisho wa mistari unapotea. Omba faili, au picha ya daftari lenyewe, ulinganishe mstari kwa mstari. Maneno ya mtaani usiyasahihishe. Na kama kuna mistari ya Kimaasai, jaribu fonti kwanza kwa ŋ na ɨ, maana fonti nyingi za bure hazina herufi hizo na mahali pake utakuta kiboksi.

Picha nyuma ya maandishi? Haya, nakubali kwenye simu inapendeza, kwa sababu kioo cha simu kina mwanga wake. Karatasi haina. Picha ya shoo iliyopigwa kwenye taa nyekundu ikipita kwenye mashine ya stesheneri inatoka tope jeusi, na herufi nyeupe za pointi 8 zilizo juu yake zinazibwa na wino. Ipe picha ukurasa wake. Kwa A5 nzima kwenye ubora wa pikseli 300 kwa inchi unahitaji pikseli 1748 kwa 2480, na picha iliyotumwa WhatsApp kwa njia ya kawaida imeshapunguzwa. Mwambie mpiga picha aitume kama dokumenti. Ikitakiwa kufika ukingoni, ivushe milimita 3 kila upande, ichapwe kwenye karatasi kubwa zaidi, kisha ikatwe. Printa ya ofisini itakuachia mpaka mweupe tu.

Maandishi yawe ya weusi mmoja, yasichanganywe rangi nne, la sivyo sahani za kuchapia, moja kwa kila rangi, zikiteleza kidogo kila herufi inapata kivuli.

Kurasa ziende kwa nne nne, kwa sababu karatasi moja ya A4 ikikunjwa ni kurasa nne. Jarida la kurasa 16 ni karatasi nne na pini mbili kwenye mkunjo. Kurasa zinazokaa pamoja upande mmoja wa karatasi lazima namba zake zijumlike kuwa 17: wa 16 na wa 1, wa 2 na wa 15, mpaka wa 8 na wa 9. Hizo mbili za katikati ndizo pekee zinazotazamana zikiwa kwenye karatasi moja, kwa hiyo bango la msanii likae hapo. Likiwekwa kurasa 6 na 7, nusu mbili za uso zitatoka kwenye karatasi tofauti na hazitakutana vizuri.

Kabla faili halijaenda kwa mchapaji, printi ule ukurasa mmoja wa mashairi, rangi nyeusi, kwa ukubwa wake halisi. Mpe mwenye vesi pamoja na peni nyekundu, umwombe aichane akiisoma kutoka kwenye karatasi. Pale atakapojikwaa, weka alama, urudi kwenye kompyuta.