Choma ya Uani: Gesi Inaposhinda na Mkaa Unapobaki na Haki Yake

Jiko la gesi la kuchomea nyama, lile lenye mfuniko, magurudumu na vichomeo vitatu au vinne, si kitu cha kushangaza tena katika maduka makubwa ya Dar es Salaam na Nairobi. Mengine huingia kwa kontena la mtumba pamoja na friji na baiskeli. Litaje mbele ya wachomaji, jibu utakalopata ni moja: gesi haina ladha, choma ni mkaa. Naiheshimu hoja hiyo, kwa sababu anayeitoa mara nyingi ni mtu anayeijua nyama. Lakini kwa anayefikiria kununua, naona kuna maswali mawili yanayotangulia ladha: je, jiko hilo linaweza kuivisha nyama yetu, na je, mtungi unaouzwa mtaani kwake utafungwa humo kwa usalama?

Hata hivyo ladha ndiyo inayowazuia wengi, basi tuanze nayo. Mkaa ulioshika vizuri, uliokwisha kuvaa jivu jeupe, hautoi moshi mwingi. Moshi wa ule mti uliishia kwenye tanuri huko porini kabla gunia halijafungwa. Harufu inayomfanya jirani achungulie inatoka zaidi kwenye mafuta na maji ya nyama yanayodondokea kitu cha moto, yakaungua na kuirudia nyama kwa mvuke. Jiko la gesi lililotengenezwa vizuri lina mabati yaliyokunjwa mgongo juu ya vichomeo, na kazi yake ni hiyo hiyo ya kuyapokea mafuta na kuyaunguza. Rangi ya kahawia nayo huja pale uso wa nyama unapokauka na kupita takriban nyuzi 140 za Selsiasi, moto uwe umetoka wapi. Kwa mishikaki, samaki au pweza aliyekwisha kuchemshwa, vitu vya kukaa motoni dakika chache na vimeshalowa ndimu, tangawizi na kitunguu saumu, wengi hawataona tofauti.

Lakini wapenzi wa mkaa wana hoja moja ya nguvu ambayo wao wenyewe huisahau. Gesi inapoungua hutoa mvuke mwingi wa maji, wakati mkaa hutoa kidogo sana. Makaa pia hupeleka joto moja kwa moja kwenye nyama, kavu na kali. Ndiyo maana jiko dhaifu la gesi huitoa nyama ikiwa imeiva lakini imepauka, kama iliyopikwa kwa mvuke. Anayesema alionja choma ya gesi akaikuta haina maana, huenda anasema kweli kabisa kuhusu jiko lile alilolikuta.

Mtihani wenyewe ni mbuzi. Mbuzi wetu wa kuchungwa ana mafuta machache na misuli iliyokomaa kwa kutembea, kwa hiyo paja lake likiwekwa juu ya moto mkali litaungua nje na kubaki mpira ndani. Mchomaji mzoefu analijua hilo. Hubandika kipande kizima, husogeza makaa pembeni, hugeuza mara kwa mara bila haraka, na inaweza kupita saa moja na nusu au zaidi kabla hajaanza kukata juu ya gogo. Anachofanya ni kupunguza joto na kulieneza, na ustadi wake wote uko hapo. Jiko la gesi linafanya kazi hiyo kwa urahisi wa ajabu, kwa sharti kwamba lina mfuniko. Unawasha kichomeo cha upande mmoja, unaliweka paja upande usiowashwa, unafunika, na unaushusha moto mpaka kipimajoto cha mfuniko kisimame karibu na nyuzi 150. Ukigeuza kila baada ya nusu saa hivi, hakuna kupepea wala kuongeza makaa. Mwishoni unalihamishia juu ya moto likamate rangi. Anayetaka moshi achukue vipande vikavu vya mwembe au mpera, avifunge kwenye foili, aitoboe matundu na kuiweka juu ya kichomeo kinachowaka.

Kwa sababu hiyo sioni faida ya kununua jiko la gesi lisilo na mfuniko, hata liwe rahisi kiasi gani. Wauzaji husifia idadi ya vichomeo. Mimi ningeangalia uzito wa mfuniko na unene wa wavu. Bati jepesi linalobonyea kwa kidole haliwezi kutunza joto, na wavu wa nyaya nyembamba hupoa mara nyama inapoguswa nao. Niongeze kwamba mfuniko si uvumbuzi wa gesi. Mwaka 1952 George Stephen, aliyekuwa mfanyakazi wa Weber Brothers Metal Works huko Chicago, alitengeneza jiko lake la mviringo lenye mfuniko kutokana na boya la chuma, na lilikuwa la mkaa. Fundi wa Gerezani, Dar es Salaam, au Kamukunji, Nairobi, anayepasua pipa katikati na kulitia bawaba anakupa faida ile ile kwa fedha kidogo sana. Mwenye bajeti ndogo anayechoma mara moja kwa mwezi angefanya vema kwenda kwa fundi huyo.

Anayechoma kila wiki hesabu yake ni nyingine, na hapo mtungi unaingia. Jiko la vichomeo vitatu lenye nguvu ya kama kilowati 9, likifunguliwa lote, hula karibu gramu 700 za gesi kwa saa. Kwa moto wa kati na mfuniko ukiwa chini, matumizi hushuka hadi nusu au chini ya hapo. Mtungi wa kilo 6 unaweza basi kukuchomea chakula cha familia mara kadhaa, lakini una tatizo lake: gesi ikivutwa kwa kasi kutoka kwenye mtungi mdogo, mtungi unapoa, unatoka jasho, na msukumo unashuka, hasa gesi ikikaribia kwisha. Moto unalegea wakati ule ule nyama inapohitaji kumaliziwa. Wa kilo 15 kwa Tanzania, au 13 kwa Kenya, unafaa zaidi.

Penye hatari hasa ni kiungo. Majiko ya mtumba kutoka Marekani huja na mpira wenye kichwa cha skrubu kilichotengenezwa kwa mitungi ya huko, ambacho hakiingii kwenye vali zetu za kubana. Hapo hujitokeza mtu wa kukata mpira, kuchomeka regulata (kidhibiti cha msukumo wa gesi) yoyote na kukaza kwa waya. Tafadhali usikubali. Jiko la nyumbani linahitaji regulata ya msukumo mdogo, karibu milibari 30, mpira mpya wa gesi na klipu zake. Zile regulata za msukumo mkubwa zinazowasha majiko makubwa ya mama lishe zitatoa ndimi za moto zisizotawalika. Mengine ya mtumba yalitengenezwa kwa gesi asilia ya bomba, na matundu ya pua zake, vile vipande vidogo vinavyopitisha gesi kwenda kwenye kichomeo, ni makubwa. Yakifungwa mtungi wa kawaida huwaka manjano na kutoa masizi. Nyumba chache za Dar es Salaam na Mtwara zina bomba la gesi asilia, lakini wengi wetu tunatumia mtungi.

Kuna jambo jingine dogo ambalo wachache hulitazama. Jiko likikaa wiki kadhaa bila kuwashwa, buibui huingia kwenye mrija unaopeleka gesi kwenye kichomeo na kufuma humo, au nyigu akajenga kwa udongo. Gesi ikikuta njia imezibwa hurudi nyuma na kuwaka karibu na vifundo vya kuwashia, pale pale mkono wako ulipo. Chomoa kichomeo, mulika ndani kwa tochi, pitisha brashi nyembamba. Ukibadilisha mtungi, paka povu la sabuni kwenye viungo, na viputo vikivimba funga. Washa mfuniko ukiwa wazi, na moto ukikataa, funga gesi usubiri dakika 5. Gesi hii ni nzito kuliko hewa na hutulia chini, kwa hiyo jiko lisikae karibu na mtaro wala kwenye kona ya shimo. Mkaa nao una muuaji wake asiye na harufu, kaboni monoksidi, na jiko lake halipaswi kuingizwa ndani hata mvua ikinyesha.

Na mitungi ya kujazwa vichochoroni? Mlipuko wa Embakasi, Nairobi, mwanzoni mwa Februari 2024, ulitokea kwenye eneo la kujazia gesi ambalo EPRA, mamlaka ya Kenya ya kudhibiti nishati na petroli, ilisema maombi yake ya kibali yalikuwa yamekataliwa. Moto ulifika hadi kwenye nyumba za watu. Nunua panapoeleweka, na mtungi upimwe mbele yako. Uzito wa mtungi mtupu umeandikwa juu yake.

Wapo wanaosema tuhamie gesi kwa sababu mkaa unamaliza misitu. Hoja hiyo naiunga mkono, lakini kwa kipimo chake. Kilo moja ya mkaa wa tanuri la kienyeji hutokana na kilo 5 hadi 10 za kuni, na Tanzania imeweka mkakati wa mwaka 2024 hadi 2034 wa kuwafikisha asilimia 80 ya wananchi kwenye nishati safi ya kupikia. Kinachomaliza mkaa nyumbani ni maharage na makande ya kila siku, kuliko choma ya Jumamosi. Kama jikoni kwako bado mnapikia mkaa, fedha za jiko la choma zingefanya kazi kubwa zaidi zikinunua jiko la plate mbili na mtungi, na anayepika kila siku akaepushwa moshi. Choma ya gesi inaweza kungoja. Na siku ya ndafu, mbuzi mzima wa harusi, gesi ya uani haina nafasi. Mwite mchomaji na magunia yake.

Msimamo wangu ni huu: mwenye gesi jikoni tayari, familia ya wastani na hamu ya choma kila wiki, anunue la vichomeo vitatu lenye mfuniko mzito. Kwa wa pwani, chumvi ya hewani hula bati la rangi upesi, hivyo chuma cha pua kina thamani ya nyongeza yake; nenda na sumaku ndogo, kwani chuma cha pua kilicho bora mara nyingi hakiivuti. Kabla ya kulipa, mwambie muuzaji alifunge jiko hapo hapo dukani kwa mtungi wa aina unayotumia nyumbani, na akuoneshe zinakopatikana pua na vichomeo vya akiba. Akishindwa kimojawapo, nenda duka jingine.