Kwao Kila Kitu Huanguka

Mimi ni mtunza nyumba hapa Lamu, mtaa wa Mkomani. Nyumba ninayoitunza ni ya mawe, yenye zidaka ukutani, kiwanda cha ndani, yaani ua wa katikati, na paa la makuti juu kabisa, na ni mali ya bibi mmoja Mmarekani ambaye huja wiki chache kwa mwaka na kunitumia ujumbe wa simu wiki zote zilizosalia. Kazi yenyewe sina neno nayo. Kufagia nafagia, popo nawafukuza, na punda wa watu wakiacha mzigo mlangoni nauzoa. Kinachonimaliza ni kitenzi kimoja cha Kiingereza, fall, ambacho bibi huyu hawezi kuandika mistari mitatu bila ya kukitia, kama mpishi asiyejua kiungo kingine ila chumvi.

Balaa lilianza usiku mmoja wa mwezi wa Aprili, masika yamekaza na vichochoro vimegeuka mito. Simu ililia saa tano. Nikasoma, kwa Kiingereza changu cha darasa la saba, kwamba mpango wa paa umeanguka ukapenya. Hilo neno mpango nililichukulia kuwa ni pambo tu. Nilichokiona mimi ni paa, kuanguka na kupenya, maana yake limetoka juu, limetoboa dari ya boriti, na sasa limelala kiwandani. Jinsi alivyopata habari yeye aliye Chicago kabla yangu mimi niliye vichochoro viwili kutoka hapo, sikujiuliza. Nikatwaa tochi na ufagio, nikatoka mbio, nikaanza kupanda ngazi zilizolowa, nikateleza vidato sita na kufikia kiuno. Paa lilikuwa mahali pake, limetulia na popo wake.

Asubuhi niliona ni haki ajue masaibu niliyoyapata kwa ajili yake. Nikamwandikia neno kwa neno kwamba usiku, ngazini, nilianguka kwa ajili yako, na kwa Kiingereza ikawa "I fell for you". Nikatuma, nikaketi barazani na utulivu wa mtu aliyetimiza wajibu.

Siku nne kimya. Siku ya tano ikaja barua ndefu yenye adabu nyingi, nami nikampa binti yangu, aliyekuwa nyumbani kwa likizo ya shule, aisome kwa sauti mbele ya mamake, maana nilidhani ni nyongeza ya mshahara. Ikatukumbusha kwamba bibi ana mume, kwamba mimi nina mke, na kwamba heshima baina ya mwajiri na mfanyakazi ni jambo analolithamini mno. Binti akaeleza, huku akijifunika mdomo kwa leso, kwamba kitenzi hicho kikifuatwa na kile kineno kidogo huwa na maana mbili: kumpenda mtu kwa ghafla, au kudanganywa ukadanganyika. Mke wangu akasema kwamba watu wa namna zote mbili wameketi mbele yake. Siku tatu nilikula mkate wa dukani, katika mji ambao harufu ya mahamri hutoka kila dirisha.

Tangu hapo nimekuwa nikilitafakari neno hili kuliko anayelipwa kulitafakari. Sisi kila kinachoshuka tumekipa njia yake. Embe hudondoka, majani hupukutika, ukuta huporomoka, mtu hujikwaa au huteleza kwanza ndipo huanguka, na asiyetazama mbele hutumbukia kisimani. Mvua hunyesha, bei hushuka, jua huchwa, na usiku huingia kama mgeni aliyepiga hodi. Usingizi ndio kabisa, huo hatuuangukii. Wenyewe huja, ukakupitia, ukakuchukua. Wenzetu yote hayo huyaangusha. Kwao mvua huanguka na usiku huanguka, mtu huanguka usingizi, huanguka mgonjwa, huanguka kimya, na wakipendana nako ni kuanguka, ingawa hapo sina budi kukiri kwamba na sisi tuna dimbwi letu la mahaba. Mwezi wa Juni mume wa bibi, ambaye ni Mwingereza, aliniarifu kwamba binti yao ameanguka mimba. Nikajibu pole nyingi na kuuliza kama mtoto amesalimika. Baadaye bibi akaandika kwamba ameanguka nje na kaka yake, nikashinda kutwa najiuliza ilikuwa dirisha gani hilo lenye upana wa kuwatoa watu wazima wawili kwa mpigo.

Kisha akasema atakuja kwenye anguko. Nilidhani anakusudia Nyahururu, kwenye maporomoko ya mita 74 ambayo Mskoti Joseph Thomson aliyafikia mwaka 1883 na yakabebeshwa jina la Thomson, nikamweleza kwamba kutoka huko hadi kwenye gati la Mokowe ni safari, aje na mto wa kuegemea. Binti, likizo ya Agosti, akanirekebisha: ni majira, majani yanapopukutika. Katika karne ya 16 Waingereza waliyaita majira ya kuanguka majani, baadaye wakalifupisha jina. Waliohamia Marekani wakaondoka nalo, na waliobaki wakashikilia lile la autumn, lenye asili ya Kilatini, ndilo tulilofundishwa shuleni. Sasa mume huja kwa neno moja na mke kwa jingine, na ndege ni ileile. Huku kwetu, karibu kabisa na ikweta, mti ninaoujua unaogeuza majani mekundu kabla ya kuyamwaga ni mkungu, na mkungu haumwandikii mtu ujumbe saa tano za usiku.

Lakini yote hayo ningeyasamehe lau si habari ya mshahara. Mwezi wa Julai haukuja. Bibi akaandika kwamba anasikitika, ameanguka nyuma katika malipo. Mimi nikaona picha wazi kabisa: mama wa makamo, sakafu ya benki imepigwa deki, amekwenda kulipa, akaanguka kwa nyuma. Kwa umri ule ni nyonga. Nikamwombea dua, nikamwandikia kwa moyo wangu wote kwamba apumzike na asijisumbue hata kidogo na pesa zangu mpaka apone. Akajibu kwamba hajapata kuona mtu mwenye subira kama mimi. Kwa kuwa hakuwa mgonjwa, hakupona, na mpaka leo, mwezi wa Oktoba, ni miezi mitatu. Mwenye duka hapa jirani, ambaye deni langu kwake lilifika siku yake zamani, nilipomweleza kwamba mwajiri wangu ameanguka nyuma aliuliza swali moja tu: amekuangukia wewe au mimi?

Nilimlalamikia binti kwamba lugha yenye neno moja kwa kila ajali ni lugha ya wavivu. Akaniuliza, bila ya kuinua macho kwenye kitabu: "Baba, na sisi tunaopiga simu, tukapiga pasi, tukapiga picha, tukapiga mbizi na kupiga hodi, ni nani tuliyempiga? Na wanaokula kiapo na kula hasara, huteremshia kwa nini?" Nikamwambia hayo ni tofauti. Tofauti yenyewe bado naitafuta. Akaongeza kwamba kitenzi hicho, wakati uliopita, hugeuka kuwa fell, na fell hiyohiyo ni kitenzi kingine cha kuukata mti uanguke. Nikasema hapo walau wamefanya kama sisi, kuanguka na kuangusha, isipokuwa waliishiwa na herufi.

Binti sasa amerudi bweni, ambako simu haziruhusiwi. Jana usiku, saa tano kama kawaida, bibi ameandika kwa furaha kubwa kwamba hatimaye kila kitu kimeanguka mahali pake. Kila kitu. Nimekwenda na tochi chumba kwa chumba, polepole, nikishika ukuta ngazini, na sijaona hata chokaa iliyomeguka. Nimeketi barazani na ufagio wangu, nasubiri kupambazuke nitazame tena.