Semeni tu kwamba itawasha

Mjomba alisimama kizingitini, mgongo kwenye fimbo ya kupimia urefu, akauliza kama wamekuja kumpimia jeneza. Mgawa dawa, binti wa jirani anayemwamkia kila asubuhi, akacheka, akasoma alama, akampa vidonge vinne vya ugonjwa wa usubi. Huko kijijini fimbo ndiyo mizani: kuanzia sentimita 159 vinne, kati ya 141 na 158 vitatu, unashuka hivyo hivyo. Mtoto asiyefika sentimita 90 hapewi, wala mjamzito.

Mjomba akatia mdomoni, akanywa maji, akashukuru. Binti alipokata kona, vidonge vikatemwa nyuma ya banda la kuku.

Hapa ni Ulanga, mkoani Morogoro, kwenye milima ya Mahenge, ambako mito inaporomoka kwenye mawe. Maji ya namna hiyo ndiyo anayoyataka usubi, inzi mdogo mweusi tuliyeupa ugonjwa jina lake. Akikuuma anakuachia minyoo. Mikubwa inakaa kwenye vinundu chini ya ngozi miaka 10 hadi 15, ikizaa mamilioni ya vitoto vinavyotambaa ngozini na kuingia machoni. Miguu inabaki na mabaka kama ya chui, na mwisho wa safari ni upofu. Watafiti wanauhusisha pia na kifafa cha watoto, jambo ambalo kwetu halihitaji maelezo marefu. Daktari Louise Jilek-Aall alianza kutibu wagonjwa wa kifafa Mahenge miaka ya 1960, na wengine walikuwa watoto wanaotikisa vichwa bila kujizuia.

Sasa, kwa nini mtu aliyezaliwa katikati ya haya ateme dawa ya bure?

Kwa sababu mwaka uliotangulia aliimeza. Alihakikishiwa kwamba haina madhara yoyote. Usiku akajikuna mpaka kukakucha, uso ukavimba, siku mbili jembe halikushikwa. Akahitimisha kuwa ni sumu, na kilabuni akawahitimishia wenzake.

Mimi simlaumu. Namlaumu aliyemwambia haina madhara. Dawa yenyewe, ivamektini, haiui minyoo mikubwa. Inaua vile vitoto na kuufanya mnyoo jike usizae kwa miezi kadhaa, ndiyo maana kingatiba, yaani kugawa dawa kijiji kizima, hurudiwa mara kwa mara. Vitoto vikifia ngozini, mwili unapambana na mizoga: unawashwa, unavimba, unapata homa kidogo. Aliyejaa minyoo ndiye anayewashwa zaidi. Yaani mjomba alipata ushahidi kwamba dawa imefanya kazi, akausoma kama ushahidi wa kulishwa sumu, maana hakuna aliyemwandaa.

La kuchekesha ni kwamba mbuzi wake anawachoma dawa hiyo hiyo. Asili yake ni bakteria wa kwenye udongo, aliyepatikana Japani na Satoshi Ōmura. Ikaanza na mifugo, ndipo ikaja kwa watu. Mwaka 1987 kampuni ya Merck ikatangaza kuitoa bure kwa wagonjwa wa usubi, na Ōmura na mwenzake William Campbell wakapata Nobel mwaka 2015. Nilipomweleza, mjomba akauliza kwa nini basi asijidunge ile ya mbuzi. Nikamwonyesha chupa: miligramu 10 kila mililita, wakati kidonge kimoja kina 3. Kosea kipimo cha sindano ya ng'ombe, unaweza kujidhuru vibaya. Wakati wa korona tuliwaona waliokimbilia maduka ya dawa za mifugo kutafuta kinga ambayo haikuwemo.

Duru iliyofuata nilimwomba yule binti asimbembeleze. Akamwambia, "Shikamoo babu. Leo nakupa dawa itakayokuwasha."

"Siku ngapi?"

"Mbili, pengine tatu. Ukizidiwa, zahanati ipo."

Mjomba akatazama shamba lake la mpunga, akahesabu kwa vidole. "Basi njoo Ijumaa jioni," akasema. "Jumamosi na Jumapili nitajikunia nyumbani."