Mtoto hajalia, na kila mtu anakimbia

Mtoto akitoka kimya, chumba cha kujifungulia hugeuka uwanja wa mbio. Mmoja anatafuta mrija wa kunyonya ute, mwingine anamchapa makalio, wa tatu yuko mlangoni anaita daktari. Pumzi yenyewe hakuna anayempa. Ugomvi wangu uko hapo.

Wakunga husema mtoto "amezaliwa amechoka". Lugha ya huruma, ila aliyechoka huachwa apumzike, na huyu hana muda huo. Tumboni mapafu yake yalijaa maji na oksijeni ilimfikia kwa kitovu. Sasa maji hayo yapishe hewa. Karibu mtoto 1 kati ya 10 huhitaji msaada wa namna fulani ili aanze kupumua, na wengi huitikia wakikaushwa vizuri na kusuguliwa mgongo. Asiyeitikia apuliziwe hewa kwa mfuko wa kupumulisha, unaominywa kwa mkono, na barakoa ya kufunika mdomo na pua, kabla dakika 1 haijaisha. Makofi ni mazoea tu. Kunyonya ute nako ni kwa aliyezibwa; mrija ukizamishwa sana kooni unaweza kuyashusha mapigo ya moyo.

Zile alama za Apgar za kupima hali ya mtoto anapozaliwa, ambazo daktari Virginia Apgar alizichapisha mwaka 1953, huhesabiwa dakika ya 1 na ya 5. Anayesubiri kuhesabu ndipo aanze kupumulisha, keshachelewa.

Mfuko hauhitaji umeme. Kwa mtoto aliyetimiza miezi tumboni, hata mtungi wa oksijeni si lazima mwanzoni. Hewa ya chumbani inatosha. Kazi iko mkononi. Barakoa ikivuja shavuni, unapulizia chumba. Kichwa kikae kama cha mtu anayenusa, kisiinamishwe wala kupinduliwa nyuma mno. Kisha tazama kifua: kinainuka? Kama hakiinuki, pumzi 40 hadi 60 unazotakiwa kumpa kwa dakika unajihesabia mwenyewe. Hata kukandamiza kifua kusubiri hapo, maana moyo wa mtoto mchanga mara nyingi hulegea kwa kukosa hewa, si kwa ubovu wake.

Mkono huo haupatikani kwa semina ya siku moja na cheti cha kutundika ukutani. Ningependa mwanasesere wa mazoezi akae palepale wodini, kila zamu impumulishe dakika chache. Mfuko nao ujaribiwe kiganjani kabla mama hajaanza kusukuma, na ufunguo wa kabati usiwe kwa mtu aliyekwenda kula.