Bundi 360 wa Nguba

Najua mmeshapata ile hadithi ya jamaa wa Kadutu kwenye grupu, kwamba eti nililia mbele ya watu. Sikulia. Macho yalikuwa yanatoka jasho.

Mnanijua: kila usiku naacha kinasa sauti juu ya mabati, mtaani kwetu Nguba, Bukavu, nikitafuta ndege wanaopita gizani upande wa ziwa. Asubuhi faili zinaingia BirdNET, programu ya kutambua ndege kwa sauti; inazikata vipande vya sekunde 3, na kila kipande inakisia ni ndege gani. Mimi, fundi wa kujifundisha, nikaandika kaprogramu kangu ka kugeuza majibu yale yawe orodha ya eBird, tovuti ya kuandikisha ndege ulioona au kusikia. Saa nilizirekebisha vizuri kabisa, maana kinasa kinashika saa ya UTC, ile saa ya dunia, na Bukavu tuko mbele kwa saa 2. Hiyo mnipe.

Ila mahali! Inatakiwa -2.5 kwanza (latitudo), halafu 28.86 (longitudo). Niligeuza. Fungueni ramani muone: Sahara, Algeria. Programu ikaweka kando ndege wa kwetu, ikanitafutia wa kule. Na kila mlio nikauhesabu ndege mzima. (Msicheke kwanza, bado.)

Basi Jumamosi, mbele ya wapenda ndege kama ishirini, wakiwemo wazee waliozunguka mbuga ya Kahuzi-Biega kabla sijazaliwa, nikatangaza: Otus scops, bundi mdogo wa Ulaya, 360 kwa saa moja, juu ya nyumba yetu.

Kimya. Mzee mmoja akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Mutoto wangu, mia tatu na sitini? Hebu tusikie."

Nikabonyeza. Spika nilikuwa nimezifungua hadi mwisho, nisidharauliwe.

Tii.

Sekunde kumi. Mama mmoja wa mbele ameinamisha kichwa kama yuko misani.

Tii.

"Haikosei hata kidogo," mzee akasema polepole. Nami, kwa kinywa changu hiki: "Ndiyo, Papa. Ana nidhamu."

Tii. Halafu mlango ukagongwa, sandali zikaburuzwa, na sauti ya mama yangu mzazi ikajaa ukumbi mzima: "We! Kuja uzime iyi mashini yako, inalia toka kourant ikatike! Na sombe ya kwenye sufuria nani ameimaliza?"

Onduleri. Kile kisanduku cha betri kinacholia umeme ukikatika. Onduleri yangu, chumbani, chini ya mabati yale yale, dirisha wazi. Mara 6 kwa dakika, dakika 60. Hata hesabu ilinicheka. (Sombe, ndiyo, ni mimi.)

Orodha nimeifuta, namba nimezirudisha mahali pake, nimerudia usiku wote ule upya: mbwa, mvua, na kirukanjia mmoja mwenye aibu kama mimi.

Jana yule mzee alinipigia simu. Nikapokea kwa heshima: "Shikamoo, Papa."

"Tii," akajibu.